Nyumba ya Mama Nasambu Yaja Hospitali

Jumanne saa moja na dakika ishirini asubuhi, Kituyi, mlinzi wa lango la hospitali moja mjini Eldoret, alikuwa amepima joto la watu arobaini na mmoja. Wa arobaini na mbili alikuwa nyumba. Ilikuwa nyumba ya mabati, vyumba viwili, mlango wa buluu, nayo ilisimama kwenye foleni mita moja na nusu nyuma ya mwanamke aliyebeba chupa ya chai. Kituyi akaelekeza kipimajoto mlangoni. Thelathini na tano nukta tisa. Akaandika, kisha akauliza wanakuja kumwona nani.

"Dakitari Adoyo," akajibu Mama Nasambu kutoka dirishani. "Yeye ndio hukujanga kutuona kwa nyumba. Saa hii serikali imesema tukae nyumbani. Si tumekaa?"

"Na maski?"

Edinah, mke wa mwana wa Mama Nasambu, akavuta pazia likafunika dirisha. Kituyi akaridhika, akaipungia nyumba mkono iingie.

Marion Adoyo alikuwa daktari aliyerudi shuleni kusomea udaktari wa familia. Kabla ya mtihani wa mwisho, chuo kilimtaka aitembelee familia moja nyumbani kwake mara kumi na mbili, ajue wanalala wapi, wanapika nini na nani hasemi na nani. Alikuwa ameenda kwa Mama Nasambu, mtaa wa Munyaka, mara nne Korona ilipoingia. Chuo kikapiga marufuku ziara, kikafunga kliniki, kikawapeleka madaktari wanafunzi wote kwenye wadi ya Korona. Huko alikaa miezi kumi na minne akisukuma mitungi ya oksijeni na kuwapigia watu simu za msiba. Masomo yalihamia mtandaoni, na kwenye skrini ndiko alikofundishwa namna ya kuketi karibu na mgonjwa. Zile ziara kumi na mbili hazikupunguzwa hata moja. Sheria ni msumeno, ingawa sijawahi kuona ukimkata aliyeushika.

Mama Nasambu naye alikuwa na sukari, na kidonda chini ya mguu wa kushoto. Kwenye ziara ya nne kilikuwa kama punje ya haragwe. Sasa kilikuwa kimetosha kifuniko cha soda.

Nyumba ikaegeshwa kwenye maegesho yenye kibao cha Mkurugenzi wa Mafunzo. Saa nne Adoyo akaja, akabisha hodi, akakaribishwa. Alisafisha kidonda, akachungulia chini ya kitanda, akaonja chai. Akagundua kwamba ndala za Mama huvaliwa na Edinah kwenda sokoni, na Mama hubaki akienda chooni miguu mitupu. Hilo huwezi kuliona ukiwa kliniki. Ndala nyingine zikanunuliwa.

Nyumba ilikuja Jumanne nane, na pamoja na zile ziara nne za Munyaka zikawa kumi na mbili. Siku moja ilichelewa kurudi, ikakutwa barabarani na kafyu. Polisi walitaka kujua kwa nini hawa watu hawako kwao. Wakamulika ndani, wakaona wako kwao, wakawaachilia. Jumanne ya nane kidonda kilikuwa kimefunga.

Kamati ya chuo ikakutana mtandaoni kuzihesabu ziara za Adoyo. Mwenyekiti, Profesa Obiero, alizungumza dakika mbili kabla ya kuambiwa hasikiki. Kwamba nyumba ilikuja, hilo halikuwa na ubishi, kitabu cha lango kilikuwepo.

"Shida ni moja, Daktari," akasema. "Home visit ni wewe uende. Hapa nyumba ndio imekuja. Hiyo ni kliniki."

"Kliniki mliifunga, Prof."

"Exactly. Kwa hivyo haiwezi kuhesabiwa kama kliniki pia."

"Na ile miezi kumi na nne kwa wadi?"

"Hiyo ilikuwa huduma. Tunashukuru sana." Akabonyeza alama ya makofi. Wanakamati wanne nao wakabonyeza.

Adoyo akaambiwa arudie mwaka, na kwa kuwa wadi ya Korona ilikuwa na uhaba wa watu, aanzie huko. Alilia chooni, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kisha akanawa mikono sekunde ishirini.

Habari za kidonda zilikuwa zimefika maeneo ya Soy na Chepkoilel, na nyumba za huko nazo zikaanza kuja. Mwezi uliofuata hospitali ilichora mistari mipana ya kuegesha nyumba, na chuo kikazipiga nyumba hizo picha ya ripoti ya mwaka. Kutoka dirisha la ghorofa ya pili Adoyo alihesabu tisa, milango wazi, wagonjwa wameketi vitandani wakingoja daktari wa familia. Madaktari hao wote walikuwa huku juu naye, wakisukuma mitungi ya oksijeni. Simu yake ikalia.

"Dakitari, tuko hapa chini," akasema Mama Nasambu. "Tumekuletea jogoo wa kumaliza masomo."

"Sijamaliza, Mama. Nimeanza."

Jogoo alisikika akikwaruza sakafu.

"Haya basi," akasema Mama. "Tutamfuga."