Aliyempiga Cynthia

Mwaka ule wa mvua za El Niño mbao zilikataa kukauka. Kadenge, seremala katika karakana moja ya Mji wa Kale, alikuwa akipiga randa mlango wa kabati pale Cynthia, binti wa dada yake, alipoingia kutoka shuleni amelowa chapachapa. Mtoto alikuwa na miaka saba. Siku nyingine angejitupa kwenye rundo la maranda na kuanza porojo zake zisizokwisha. Leo alisimama tu mlangoni.

"Njoo nikuvue hilo sweta, utashikwa na homa."

Alipomgusa mkono, mtoto alijikunyata. Shati likapanda pamoja na sweta, na Kadenge akaona. Mgongoni palikuwa na alama nyekundu, mbichi, zimepinda mwishoni kama kitanzi, na chini yake nyingine za zamani zilizoanza kuwa manjano. Fimbo huacha mstari. Hizi ziliachwa na waya uliokunjwa.

"Nani kakufanya hivi?"

"Nilianguka, mjomba."

"Ukaanguka ukatoka na vitanzi?"

Cynthia alifikiri kidogo. "Ni paka," akasema.

Kadenge alimfunika koti lake akamsindikiza hadi chini ya ngazi ya kwao. Jibu alikuwa nalo tayari: Jefwa. Nani mwingine? Jefwa, baba wa mtoto, alikuwa dereva wa lori Shimanzi, mtu wa sauti kubwa na pombe nyingi ya mnazi. Kwa upande wa mama hapakuwa na la kuuliza. Kadzo, dada yake, ndiye aliyeacha shule ili amlee Kadenge mama yao alipofariki. Kumwita dada yalikuwa mazoea tu. Kwake alikuwa mama.

Basi akashika njia ya Shimanzi. Lori la Jefwa ndiyo kwanza lilikuwa likiingia yadi, tope limepanda hadi kwenye kioo. Jefwa aliteremka akichechemea, macho mekundu kwa usingizi.

"Shemeji! Habari za nyumbani?"

Kadenge alimkamata ukosi. "Umempiga mtoto kwa waya. Leo utanieleza."

"Nimempiga lini?"

"Wiki hii. Alama bado mbichi."

Jefwa hakuuondoa ule mkono. Alimkodolea macho kama mtu anayesemeshwa lugha ya kigeni. "Wiki hii? Shemeji, barabara imekatika. Tangu mwezi ule mwingine nimekwama Mtito Andei, nalala ndani ya lori. Waulize hawa."

Madereva waliokuwa wakifungua turubai kando yao wakaitikia kwamba ni kweli. Kadenge akauachia ukosi. Akatafuta mtu mwingine kichwani: mwalimu, jirani, watoto wakubwa wa mtaani. Kila aliyemshika alimponyoka.

"Kila nikirudi mtoto ana jambo," Jefwa akasema, kwa sauti ya chini ambayo Kadenge hakuwahi kuisikia kwake. "Mara kaanguka, mara kapigwa shuleni. Nikiuliza sana, Kadzo hulia, nami hunyamaza. Nilidhani wewe wajua. Si wewe uliyelelewa naye?"

Kadenge alirudi kwa miguu, akapotea njia katika mji aliokaa miaka yote. Aliukumbuka mkanda ambao Kadzo alimchapia utotoni. Alimkumbuka Kadzo, baada ya mkanda, akimpaka mafuta ya nazi huku machozi yakimtiririka, akimlisha tonge kwa mkono wake. Siku zote alikuwa akiwasimulia watu kwamba alikuwa mtoto mtundu sana. Sasa alijaribu kuukumbuka utundu wenyewe, hata mmoja tu, asiupate.

Kesho yake alipiga hodi kwa dada yake. Kadzo alimpokea kwa furaha, akampakulia muhogo wa nazi. Cynthia alikaa ameegemea ukuta. Mama akinyoosha mkono kuchukua chumvi, macho ya mtoto yanaufuata. Akiurudisha, yanarudi nao.

"Dada, mgongo wa mtoto una nini?"

Kadzo aliweka upawa chini. "Anakojoa kitandani, msichana mzima."

"Ndiyo apigwe kwa waya?"

"Nawe nilikufunza vivyo hivyo, na umekuwa mtu. Nilikosea?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kweli, akimtazama kwa macho yaleyale yaliyokesha naye alipougua surua. Kadenge alifungua kinywa, akakitia muhogo. Ulikuwa mtamu, na hilo likamvuruga zaidi.

Nyumbani alimweleza mkewe, Rispah, mwanzo hadi mwisho.

"Twende ofisi ya watoto," Rispah akasema.

"Nikamshitaki aliyenilea?"

"Nenda ukaseme ulichokiona. Ukingoja hadi uelewe yote, yule atapigwa tena."

Afisa wa watoto alikuwa mama wa makamo, Bi Swabaha. Aliwakaribisha kitako, akawajulia hali bila haraka, kisha akauliza, "Ni nani anayemuumiza mtoto?"

"Ni mama yangu," Kadenge akasema.

"Bibi yake mtoto?"

"Hapana. Dada yangu. Mama yake mtoto." Akajifuta jasho. "Lakini ni mtu mzuri, Bi Swabaha. Sijui nikwambieje."

"Niambie tu ulichokiona. Hilo jingine tutalitafuta pamoja."

Akamwambia.

Siku hiyohiyo Bi Swabaha na askari wa kike walimpeleka Cynthia hospitalini. Daktari alikuta pia ubavu mmoja uliowahi kuvunjika ukajiunga wenyewe. Hilo hakuna aliyekuwa akilijua, hata Jefwa, ambaye alikaa kwenye benchi akalia mbele za watu. Iliamuliwa mtoto akae kwa Kadenge na Rispah, na Kadzo afike ofisini kila wiki kuzungumza na Bi Swabaha, la sivyo apelekwe mahakamani. Alifika. Alikuwa akipita mbele ya karakana bila kugeuza shingo.

Cynthia naye hakushangilia. Usiku wa kwanza alilowesha godoro, asubuhi wakamkuta uvunguni, mikono juu ya kichwa. Rispah alilianika godoro bila neno. Jioni, alipokuwa akila, mtoto akauliza, "Mjomba, mama anakula na nani sasa?"

"Baba yako yupo," Kadenge akasema, asijue kama hilo ndilo jibu.

Mvua zilipopungua alikutana na Kadzo ana kwa ana katika kichochoro chembamba kisicho na pa kukwepea. Dada yake alikuwa amekonda. Walisimama, mabega yakigusa kuta.

"Anakula?" Kadzo akauliza.

"Anakula."

"Anapenda samaki atolewe miiba kwanza."

"Nitamwambia Rispah."

Kadzo akaitikia kwa kichwa, akajibana ukutani ampishe, kisha akaenda zake. Kadenge alibaki pale akiusikiliza mlio wa ndara zake ukififia, asijue ameshukuriwa au amelaaniwa. Akarudi karakanani, ambako kabati lilikuwa bado halijapata mlango.