Somo la Kumnyanyua Baba

Sikio moja la Mwalimu lilikuwa darasani, jingine lilikuwa kifuani mwa baba yake. Alikuwa ameinama, magoti yamekunjika, mkono wa kulia wa mzee umemzunguka shingoni. Ule wa kushoto, uliolegea tangu kiharusi kilipompitia, ulining'inia kama taulo iliyosahauliwa kwenye kamba. Kompyuta ilikuwa juu ya stuli kando ya kitanda, na mhadhiri alikuwa akieleza namna ya kuandika malengo ya somo yanayopimika.

"Baba, shika shingo. Usinikabe lakini," alisema. "Haya, moja, mbili, simama! Simama, Baba, wewe si gunia."

Darasa zima likacheka. Hapo ndipo alipotambua kwamba hakuwa amezima maiki.

Alimketisha mzee kwenye kiti cha magurudumu, akamfunika miguu, kisha akaja kuikabili kompyuta uso ukimchoma kwa aibu. Alikuwa mwalimu wa sekondari, mtu mzima mwenye heshima zake, na mtaani kote hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Mwalimu basi. Shahada hii ya uzamili, ya usanifu wa mafunzo na teknolojia ya elimu, aliianza kwa mbwembwe kabla baba yake hajaanguka. Masomo ni ya mtandaoni, aliwaambia watu, utasomea hata jikoni. Hakuna aliyemwambia kwamba ukisomea jikoni, jiko nalo linakufuata darasani. Siku hizi alikuwa amechoka uchovu usioondoka kwa kulala. Mshika mawili moja humponyoka, na yeye alikuwa ameshika matatu.

Kipindi kilipokwisha mhadhiri akamwomba abaki. Mwalimu alikuwa na sentensi yake tayari, ameifanyia mazoezi kwa siku kadhaa akiosha vyombo.

"Mimi naona niishie hapa tu, dada yangu," alisema. "Sina nguvu tena."

Mhadhiri, mwanamke mdogo kwake kwa umri, hakuonekana kushtuka. "Kazi yako ya mwisho inahusu nini vile?"

"Matumizi ya vishikwambi shuleni."

"Na imefika wapi?"

"Kwenye jalada."

Wote wawili wakacheka, na kicheko hicho kikampunguzia Mwalimu mzigo kidogo.

"Na hicho ulichokuwa unafanya sasa hivi," mhadhiri akauliza, "hapo nyumbani nani mwingine anakijua?"

"Hakuna."

"Basi achana na vishikwambi. Tengeneza somo la hicho. Mfundishe mtu mmoja tu, halafu unitumie video ya jaribio. Lakini masharti unayajua: somo lifundishe lenyewe. Mkono wako uwe karibu mzee asije akaanguka, ila neno hapana. Ukifungua mdomo, jaribio limekufa."

"Kunyamaza tu?" Mwalimu alisema. "Hilo rahisi."

Mtu mmoja wa kufundishwa alikuwepo, naye ni mdogo wake. Alikuwa kitinda mimba, fundi rangi mwenye mikono mizuri na midomo mirefu, aliyerudi kuishi chumba cha uani kazi zilipopungua. Nyumbani walimwita Sultani, kwa kuwa tangu utotoni alizoea kuletewa. Kila asubuhi alisimama mlangoni mwa chumba cha mzee, mguu mmoja ndani mmoja nje, akauliza, "Baba ameamkaje?" Aliyejibu ni Mwalimu. Wageni nao wakija kumjulia hali mzee, majibu aliyatoa yeye: amekula, amelala, hataki redio. Mzee mwenyewe alitikisa kichwa au kuinua kidole. Mgonjwa haulizwi uji, na Mwalimu hakuwa na muda wa kuuliza.

Somo alilitengeneza kwa nguvu zake zote zilizobaki. Alitia picha, mishale, michoro ya mgongo wa binadamu, na juu ya yote sauti yake mwenyewe ikieleza kila alichokijua. Usimvute mkono uliolegea. Usimsimamishe kabla miguu haijagusa sakafu. Usikurupuke. Usizembee. Usije ukasema hukuambiwa. Alipomaliza aliliona limekamilika, halina pengo hata la kupitisha uzi.

Siku ya jaribio Sultani alikaa ukingoni mwa kitanda, akalitazama somo lote bila kunung'unika. Kisha akasimama, akanyoosha mikono kuelekea kwa mzee.

"Siyo hivyo!" Mwalimu akapiga kelele.

Mikono ya Sultani ikaganda hewani. Jaribio likawa limekufa, tena kabla ya kuzaliwa.

"Sasa nimefanya nini?" Sultani aliuliza. "Hata sijamgusa."

"Ulikuwa unataka kumgusa vibaya."

"Dada, nikwambie ukweli? Hilo somo lako halinifundishi kumnyanyua Baba. Linanifundisha kukuogopa wewe."

"Una mdomo wa kusema hivyo? Wewe unayeamka jua liko utosini, ukakuta kila kitu kimefanyika?"

"Nikigusa kikombe chake unaninyang'anya. Nikitaka kumgeuza unaniambia nitamvunja. Nikaona afadhali nikae zangu mlangoni." Sauti yake ikapungua. "Unadhani napenda kukaa mlangoni? Ni baba yangu pia."

Mzee alikuwa akiwatazama kwa zamu. Mwalimu akatoka, akaenda jikoni kusugua sufuria iliyokuwa safi. Alilia, na alichokililia hasa hakukijua: uchovu, au ile hasira ya kuambiwa neno ambalo huwezi kulitupa.

Kesho yake aliporudi kutoka shuleni alilisikiliza somo lake tangu mwanzo, kama mtu asiyemjua msemaji. Alisikia sauti ya mlinzi. Kila palipokuwa na hatua moja ya kufuata, palikuwa na maonyo manne ya kuizingira. Akakumbuka darasani kwake, namna anavyouliza swali kisha akalijibu mwenyewe kabla mwanafunzi hajavuta pumzi. Watoto walimpenda kwa hilo. Yeye naye alikuwa akiliita bidii, miaka yote hiyo.

Akaanza kukata. Kila sentensi aliiuliza kama inamsaidia Sultani au inamtuliza yeye, na nyingi zilikuwa za kumtuliza yeye. Ziliposhindwa kujitetea akazifuta. Mgongo wa binadamu ukaenda zake. Kilichobaki ni video fupi nne: kufunga breki za kiti, kushusha miguu ya mzee, kumkumbatia, kumgeuza. Ndani yake kulikuwa na mikono tu na maneno machache. Lilimtisha somo hilo, kwa udogo wake.

Jumamosi asubuhi aliegemeza simu kwenye chupa ya chai, akabonyeza kitufe cha kurekodi, kisha akasimama upande wa pili wa kitanda ameunganisha midomo. Sultani alitazama video zote, akairudia ya tatu. Akanawa mikono. Akasogeza kiti kando ya kitanda, akakiweka vizuri kabisa, kisha akamgeukia mzee.

Breki hakufunga.

Mwalimu aliziona zile breki kama mtu anavyoona moto. Alijua kiti kitarudi nyuma mzee atakapoegemea. Alijua pia kwamba neno moja lingetosha, na kwamba neno hilo lingemrudisha Sultani mlangoni, safari hii moja kwa moja. Akasogeza mkono karibu na kiti. Akauma ulimi. Sultani alishusha mguu mmoja wa mzee, akashusha wa pili, akapitisha mikono kwapani.

"Bre," mzee akasema.

Sultani akasita. "Baba?"

Mdomo wa mzee ulivutika upande mmoja. Shingo ilimtoka mishipa. Lilikuwa neno la kung'olewa kama kisiki, na chumbani hakuna aliyemsaidia kulitoa.

"Bre... ki."

Sultani akatazama chini. "Lo! Kweli, mzee wangu." Akainama, akafunga breki, moja kisha nyingine. "Kumbe fundi mkuu ni wewe."

Mwalimu alishika ukingo wa kitanda. Neno zima hakuwa amelisikia kinywani mwa baba yake tangu aanguke. Alikuwa ameambiwa hospitalini kwamba maneno huenda yakarudi, akangoja, na katika kungoja kwake hakuacha nafasi ya neno kupita. Alitamani kupiga magoti pale pale na kumwomba radhi. Lakini simu ilikuwa ikirekodi, na Sultani alikuwa amekwisha mkumbatia mzee.

"Twende. Moja, mbili... Mzee, unakula mawe?"

Mzee akacheka kwa nusu ya uso, akapanda, akageuka, akatua. Alikaa kidogo upande, blanketi limekunjamana, mguu mmoja wa suruali umepanda. Mwalimu asingemkalisha hivyo hata siku moja. Alinyamaza. Sultani akafungua breki, akamsukuma baba yake hadi barazani akimsimulia habari za mteja mmoja aliyetaka ukuta wa rangi isiyokuwepo duniani.

Mwalimu akaenda kuzima simu. Kisha akakaa kwenye kitanda cha mzee, juu ya shuka lenye joto bado.

Huko nje simulizi likakoma kidogo. Akasikia sauti ya baba yake ikijikusanya, ikitafuta njia, na kabla hajajua anafanya nini alikuwa amekwisha simama, mkono mmoja uko kwenye fremu ya mlango.

"Sul... ta... ni."

"Naam, Baba."

Mwalimu alirudi akakaa. Aliiweka mikono mapajani, akaiondoa, akaiweka tena.