Dole Gumba la Rubani

...basi amesikia, na kama amesikia na afe nayo masikioni, afe hivyo hivyo kichwa kimeegemea dirisha na udenda unamtiririkia kwenye kola nyeupe iliyopigwa pasi, kwani nani alimwambia kola nyeupe ni kinga, yeye mwoka mikate hakupanda ndege hii kumbembeleza mtu, alipanda kusema, na amesema, neno kwa neno, na rubani huyu na mabega yake yote ameyapokea yale maneno kifuani na kifua kimemshinda, vizuri, vizuri sana, ila sasa huu usukani... usukani unatetemeka, kushoto rubani amelegea kama gunia la unga lililotoboka, kulia yupo yeye, nyuma hakuna abiria mwingine hata wa dawa, maboksi ya vipuri tu na kiti kitupu, na mbele kuna visaa vingi ajabu kila kimoja na mshale wake unaochezacheza, na chini, Mungu wangu, chini ni maji, ziwa lote, na ndani ya hedifoni mwanamume wa mnara wa kuongozea ndege, mwenye kikohozi, anauliza tena na tena, "Ndege iliyo juu ya ziwa, rubani, mbona umeshuka namna hiyo? Rubani, nijibu," na anasikika baba wewe, unasikika vizuri kabisa, wewe ndiye kiziwi, maana kitufe chekundu cha kwenye usukani amekibonyeza kama alivyomwona rubani akikibonyeza, amepiga kelele mpaka koo linawasha, rubani ameanguka, jamani rubani ameanguka, na yule anakohoa tu na kuuliza upya. Ndege ilishuka kwa sababu huyu aliuangukia usukani kwa kifua, pua ikaelekea majini, na mwoka mikate ndiye aliyemshika ukosi akamvuta nyuma kwa mikono hii hii inayokanda unga kila alfajiri, akamkaza mkanda wa bega mpaka ukamkata shingo, akauvuta usukani taratibu na ndege ikanyooka yenyewe, na hapo katikati ya kumvuta alimgusa, ndicho kinachomkera, aliigusa ngozi yake ikiwa na jasho na joto, akasikia mapigo yanaruka ruka, na mkono wake ukataka kujifuta.

Uzito umejaa, mama. Hivyo ndivyo alivyosema huyu siku ile, wala miwani yake myeusi hakuivua, uzito umejaa, ndege haibembelezwi, kesho asubuhi nitarudi kumchukua, na mgonjwa mwenyewe alikuwa pale miguuni pake amelala juu ya mlango, mlango wa stoo ya unga, maana machela hawakuwa nayo, shemeji aliung'oa mlango kwa bisibisi huku analia, daraja lilikuwa limekwenda na maji na muuguzi alikuwa ameshasema kidole tumbo kimepasuka, huyu apasuliwe leo, leo nawaambia, si kesho, basi wakambeba kwenye mlango yeye na shemeji na majirani mpaka uwanjani, mume wake amejikunja kama mtoto, anauliza imekuja? ndege imekuja?, imekuja baba watoto, ile pale, unaiona, na ndege ilikuwa inapakiwa makreti ya bia ya sherehe ya tajiri mmoja ng'ambo, kreti juu ya kreti, chupa zinagongana, na yeye anayepima unga maisha yake yote hakuhitaji mizani kuona kwamba mume wake, alivyokuwa amekwisha kwa homa zile, angeingia mahali pa makreti machache tu, akamwambia rubani, baba, shusha yale ya mwisho pale, nitayanunua yote mimi, nakuomba, na shemeji akapiga magoti, mtu mzima na mvi zake akapiga magoti kwenye matope, na rubani akatazama saa ya mkononi akasema kesho asubuhi mama, neno langu ni neno. Na lilikuwa neno kweli! Hapo ndipo anapotaka kucheka, humu juu ya maji anataka kucheka, kwamba asubuhi yake walipokuwa wanamfunika shuka walisikia injini juu ya paa, alikuja, mwungwana mkubwa, alikuja kama alivyoahidi, akasubiri kidogo uwanjani, hakuona mgonjwa, akaondoka zake, na hakuuliza, hajauliza mpaka leo.

"Ndege juu ya ziwa," kikohozi, "nasikia mtu anabonyeza lakini sauti haiji." Haiji! Ameshampigia kelele mpaka basi... na leo asubuhi kwenye mizani ya abiria, huyu huyu, alimtazama usoni na hakumjua, uso ule ule uliomwomba, alimwangalia na kutabasamu, mama wewe peke yako ni abiria wawili, akacheka, na karani wa mizigo akacheka, na yeye akacheka pia, ndiyo, alicheka nao, kwa sababu alikuwa ameshaomba kiti cha mbele, akisema anapenda kuona mandhari, kumbe mandhari gani, alitaka mahali ambapo mtu huyu hawezi kuinuka akaondoka, hawezi kutazama saa akasema kesho, angani, mkanda umemfunga, awe hana njia ila kusikiliza, na maneno alikuwa ameyakanda siku nyingi mbele ya tanuri, akitoa hili, akiongeza lile, mpaka yakabaki machache na makali, na walipofika katikati ya ziwa akamgeukia akayasema bila kupandisha sauti, unamkumbuka mgonjwa wa kwenye mlango, ulimwacha chini ukapakia bia, alikufa kabla hakujacha akiniuliza kama ndege imekuja, mimi ndiye mkewe, sitakusamehe hapa wala mbele ya Mungu. Na rubani akafanya nini? Rubani akamtazama, akatabasamu kwa meno yote, akamwinulia dole gumba. Dole gumba! Mtu anakwambia umeniulia mume wangu unamwinulia dole gumba! Damu ilimpanda mpaka macho yakaingia giza, alitaka kulivunja lile dole palepale, na kabla hajasema la pili akaona jasho linamtoka yule bwana kwenye paji, mkono unashika kifua, mdomo unapinda upande, halafu puu, amelala juu ya usukani, na yeye hata kabla hajaogopa alisema moyoni, yamemwingia, alijifanya kutabasamu lakini yamemwingia, nimemmaliza kwa mdomo wangu, na kwa kweli, asijidanganye, alisikia utamu, utamu ule wa kushusha mzigo kichwani, na bado anausikia kidogo, chini ya hofu, kwenye mzizi wa ulimi.

"Sikia," anasema wa kikohozi, taratibu sasa, kama anayezungumza na mtu aliye juu ya paa, "huenda wewe si rubani. Kama si rubani, bonyeza kitufe mara mbili." Anabonyeza, anabonyeza. "Haya. Alhamdulillahi, haya, yupo mtu. Usiogope. Ndege yako iko sawa, inaruka vizuri, usiukabe usukani, ushike kwa vidole tu. Sasa hedifoni yako ina nyaya mbili, moja ya kusikia, moja ya kusema. Ya kusema plagi yake ni nyembamba kidogo. Fuata kwa mkono uone kama imechomoka." Nyaya mbili, nani ana habari na nyaya mbili, anapapasa kwa mkono mmoja, shingoni, kifuani, huku waya mmoja unaingia kwenye tundu umekaa imara, na huu... huu unashuka pajani, unapita chini ya mkoba, na mwisho wake ni plagi inayoning'inia hewani haijagusa kitu, ng'aring'ari, haijawahi kuchomekwa, na sasa anakumbuka rubani akimwambia kabla ya kuondoka, mama sukuma plagi zote mbili mpaka ziitike, naye akasema ndiyo ndiyo, akasukuma moja, maana akili yake ilikuwa inapanga maneno, lipi litangulie, lipi limalizie... ina maana... subiri. Ina maana tangu walipoondoka chini alikuwa anasema peke yake. Injini inanguruma, huyu anamwona mama mnene wa kiti cha mbele anachezesha midomo, anadhani anasifia ziwa, na kama marubani wote na abiria wao anatabasamu na kuinua dole. Hakusikia. Hata neno moja! Hajui mlango, hajui shuka, hajui alfajiri, amepatwa na lake tu la moyo, la nyama na chumvi na kukaa kitako, lingempata hata angebeba kuku, na yule aliyekuwa anajisifu hapa kwamba ameua kwa mdomo hakuua hata nzi, na huyu bwana anakwenda kufa akiwa mtu mwema, ndivyo atakavyozikwa, rubani wetu, mtu wa watu, neno lake lilikuwa neno, na mke wake atalia kwa haki kabisa, na hakuna hata mmoja, hata rubani mwenyewe, atakayejua.

Plagi inaingia, inaitika. "Nakusikia," anasema, na sauti yake mwenyewe inamrudia masikioni kubwa na ngeni. "Mimi ni abiria. Rubani ameanguka. Alishika kifua, anapumua lakini vibaya." "Asante Mungu," anakohoa yule, "dada yangu, asante Mungu, nisikilize basi. Uko peke yako na yeye?" Peke yangu na yeye. "Vizuri. Mbele yako kuna uwanja mkubwa, wa lami, mpana, ukikosea mara ya kwanza unapaa tena unazunguka, nitakuwa nawe mpaka chini. Ni kama nusu saa. Nenda huko." Na rubani? Anauliza na rubani kwa sauti kavu. "Rubani... kama ni moyo, nusu saa ni nyingi. Ng'ambo ya kushoto, pale unapoona mkono wa nchi kavu unaingia ziwani, kuna hospitali na ina kiwanja chake, dakika chache tu, daktari wa moyo yupo. Lakini kile ni kifupi, dada, ni changarawe, upepo unakuja wa ubavuni na mwisho wake ni ukuta. Marubani wenyewe wanakiogopa. Sikushauri. Hakuna atakayekulaumu." Hakuna atakayekulaumu... lo, maneno matamu namna gani, ameletewa kwenye sahani, hana haja hata ya kunyanyua kidole, anyooshe tu, aende mbele kama alivyoambiwa, asikilize wakubwa, na nusu saa itafanya kazi yake, na akishuka watampokea kwa vigelegele, mama shujaa, abiria aliyetua ndege, na huyu atatolewa kwa machela, machela ya kweli yenye magurudumu, amefunikwa shuka, na yeye atasimama pembeni na kusema moyoni uwanja haukufaa, baba, kesho asubuhi. Ndiyo. Hiyo ndiyo haki, jino kwa jino. Ataiweka mahali gani haki hiyo? Anaiona tayari usiku wa kwanza, nyumbani, mikate imeumuka, anakaa kwenye kiti na kungoja kufurahi, na uso unaomjia ni ule wenye tabasamu na dole juu, uso wa mtu ambaye hajaambiwa kitu, na ataambiwa na nani, maiti haiambiwi, maiti haitoki jasho, maiti haishushi macho, na yale maneno aliyoyakanda yatabaki kwake yeye tumboni yakichacha mpaka siku yake na yeye.

Anamgeukia. Udenda, kola, masharubu yaliyochanwa vizuri, kifua kinapanda, kinasita... kinasita mno... kinapanda tena, na moyo wa mwoka mikate unashtuka kwa kusita kule kana kwamba ni chake, usithubutu, wewe, usithubutu kuniponyoka, si huruma hii, asije mtu hata siku moja akaiita huruma, huruma ilibaki kwenye matope na magoti ya shemeji, anachotaka ni macho yale yafunguke, yaone, mkewe awe kando ya kitanda, daktari awe pale, mtu awe amekaa wima na supu mkononi na shukrani mdomoni, mama uliniokoa, nikulipe nini, na yeye avute kiti, akae, aanze upya kutoka mlangoni, kutoka bisibisi, asiharakishe, na mtu huyu asikie kila neno akiwa na akili zake na uhai wake, uhai aliopewa na yule anayemsimulia, kisha aishi nayo miaka, Mungu ampe miaka mingi, azeeke nayo.

"Nakwenda kwenye kifupi," anasema. "Dada..." kikohozi kimekoma kabisa. "Dada, nakuomba kama kaka yako. Pale unaweza kufa wewe. Huyo rubani ni nani yako mpaka ujiue kwa ajili yake?" Maji yanameta chini, mkono wa nchi kavu uko kushoto kama alivyoambiwa, mwembamba, una kitu cheupe kwenye ncha, labda ni mabati ya hospitali, labda ni ule ukuta, na anaogopa, anaogopa hasa, ana watoto, ana tanuri, hajawahi kuendesha hata baiskeli, anabonyeza kitufe chekundu. "Hatujamalizana," anasema. Yule wa mnarani anashusha sauti, "Zungusha kushoto basi, kidogo kidogo, macho yako yakae mbele, nitakuambia lini upunguze moto wa injini," na anazungusha kidogo kidogo, ndege inainama, kichwa cha rubani kinateleza kwenye kioo cha dirisha kinaangukia kifuani, naye anaunyoosha mkono mmoja anakishika kwa nyuma ya shingo, anakiinua, anakirudisha mahali pake ili hewa ipite, na hakiachii.

"Pumua," anamwambia. "Pumua, mshenzi wewe, pumua."