Robo Kaputi

Bi Futi hakuogopa kisu. Nyonga imevunjika, basi na iungwe. Alichoogopa ni nusu kaputi. Wifi yake, wanayeshona naye kibanda kimoja, alilazwa usingizi alipotolewa nyongo, akaamka akikiamkia chuma cha dripu shikamoo siku tatu nzima, akidhani ni marehemu mkwewe. Naye Bi Futi vipimo vya wateja wote kavitia kichwani, si daftarini. Kichwa kikivuja, kazi imekwisha.

"Nusu ni nyingi, mwanangu," alimwambia daktari wa usingizi. "Nipe robo."

Daktari alicheka hadi barakoa ikamshuka. "Robo ipo, bibi. Nakuchoma mgongoni, miguu inalala, wewe unabaki macho. Ila sikudanganyi: kwa umri wako akili inaweza kuyumba siku chache, kwa sindano hii au ile. Mara nyingi hutulia."

"Umri wangu umeambiwa na nani?"

Akachomwa. Kiunoni kwenda chini akawa gogo. Juu, masikio wazi, akasikia nyundo ikigonga mfupa wake kama seremala anapachika mguu wa kitanda.

Kesho yake wifi akaja, futi shingoni, daftari kwapani.

"Mimi nani?"

"Adui yangu."

"Haya, umo. Kiuno cha mke wa mwalimu mkuu?"

"Arobaini na mbili."

Wifi akafungua daftari. Uso ukamshuka. "Thelathini na nane, wifi yangu. Nilimpima mwenyewe juzi."

Bi Futi akageukia ukuta. Wifi, aliyezoea kumchamba asubuhi na jioni, akamfunika shuka taratibu. Huruma hiyo ndiyo iliyomtisha Bi Futi hasa.

Mara akaingia mke wa mwalimu mkuu mwenyewe, na mfuko wa machungwa. Bi Futi akampitishia jicho moja tu.

"Wifi, mpime."

"Humu wodini?" Mgeni akarudi nyuma. "Jamani, nimekuja kuona mgonjwa!"

"Basi niponye."

Futi ikazunguka. Mgeni akavuta tumbo mpaka macho yakamtoka.

"Pumua, mwenzangu," Bi Futi akambembeleza. "Utazimia, na humu wana sindano."

Akapumua. Wifi akasoma, akasoma tena. Arobaini na mbili.

"Juzi nilijibana hivihivi," mgeni akanong'ona.

"Futa hiyo, wifi," akasema Bi Futi, akajichagulia chungwa kubwa kuliko yote.