Zamu Sita za Pampu

Umeme ulikatika saa mbili asubuhi, ukarudi saa nane mchana, na pampu ya juu ya paa ikaanza kunguruma. Bi Siti, aliyekuwa ukumbini akichambua mchele, wala hakuinua kichwa. Mjukuu wake Abdulatif, fundi wa kompyuta, ndiye aliyeiandikia pampu ile programu: kila baada ya saa moja ijaze tangi kwa dakika kumi, kisha inyamaze. Tangu hapo nyumba yao ya Kariakoo haijalia shida ya maji.

Dakika kumi zikapita, pampu ikanyamaza. Hajageuza hata ungo, ikaanza tena.

Hapo mkono ukasita. Umeme ukikatika, yeye hufunga koki kuu ya kutoa maji tangini, wapangaji watumie maji ya ndoo. Ndivyo walivyozoea miaka yote. Basi tangi lilikuwa limejaa tangu asubuhi. Na lile paa ni bapa, maji yakimwagika hukaa palepale, juu ya zege lenye ufa. Chini ya ufa huo alilala Maimuna, mke wa Abdulatif, siku ya kumi na tisa tangu ajifungue.

Akampigia mjukuu, aliyekuwa Mnazi Mmoja kwa mteja. Kijana akacheka, akamtoa wasiwasi: kompyuta ililala umeme ulipokatika, sasa imeamka, inafidia zamu ilizokosa.

"Koki nimeifunga, baba," Bi Siti akasema.

Kicheko kikamkatika.

"Bibi, zamu zenyewe ni sita. Na ufunguo wa sanduku la swichi za umeme ninao mimi. Nakuja."

Chumbani maji yalikuwa yakichirizika ukutani, meusi kama chai ya rangi. Maimuna amemkumbatia mtoto, hatoki.

"Arobaini haijatimia, bibi. Si wewe uliyesema nisivuke kizingiti?"

"Nilisema mimi. Na mimi nasema vuka."

Akamchukua mtoto, mama mtu akafuata akijikokota. Pampu ilikuwa ikimalizia zamu ya tatu. Hawajafika ngazini, kipande cha zege kikashuka juu ya kitanda, vumbi likawafuata ukumbini.

Juu, pampu ikanyamaza. Kisha ikaanza zamu ya nne.

Bi Siti akamrudishia Maimuna mtoto, akawaelekeza ngazini, washuke hadi mlango wa nje, akaanza kugonga vyumba vya wapangaji, kimoja kimoja.