Chuchu ya Ndama

Ilisikika kwanza, ikikohoa mchangani nyuma ya migunga: pikipiki ya Malick, mchukuzi wa maziwa ya kiwanda. Dikel, aliyechuchumaa ubavuni mwa ng'ombe wake, akaongeza kasi ya kukamua. Keni ya maziwa ilikuwa haijajaa.

"Imebaki chuchu moja," alisema Yero, mumewe, akiwa amemshika ndama kwa kamba.

"Hiyo ni ya ndama."

"Ndama atakula majani."

"Majani gani, Baba Sira? Nionyeshe hata moja nikamchumie."

Kiangazi kilikuwa kimeifagia nyika yote ya Ferlo. Mbavu za ndama zilihesabika, na miguu ilimtetemeka.

Malick alizima pikipiki, akachungulia keni. "Mtumwa wangu, siku hizi unakamua huku unakunywa?"

Yeye Mserer, wao Wafulani. Utani wao ulianzia kwa mababu, na hakuna aliyeruhusiwa kuukasirikia.

"Mtumwa ni wewe, mlafi wa wali. Pumba za ng'ombe wetu ziko wapi?"

Utani ukamtoka Malick usoni. "Ziko ghalani, dada. Wanasema keni zijae kwanza. Yako isipojaa leo, unafutwa orodhani, na pumba hupati."

"Ng'ombe anangoja pumba ndipo atoe maziwa. Kiwanda kinangoja maziwa ndipo kitoe pumba. Na huyu?" Akamwonyesha ndama kwa kidevu. "Yeye angoje nini?"

"Mimi natumwa tu. Wakinifuta na mimi, wanangu watakula nini?"

Dikel alimwamini. Bila pumba, Yero angewahamishia ng'ombe kusini, na safari iliyopita wengi hawakurudi. Lakini ndama akifa, mama yake angekauka maziwa, na keni isingejaa tena.

Akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha maziwa.

"Hayo si ya kulowesha mtama wangu?" Yero alishtuka.

"Ni ya mtama wako. Lakini kwetu Wafulani maziwa hugawa mke; tangu lini mwanamume akampangia mkewe?" Akayamimina yote. Keni ikajaa hadi shingoni. "Leo utaulowesha kwa maji."

Malick akaangua kicheko. Yero akakosa pa kuangalia, akailegeza kamba. Ndama akaenda akiyumba, akaidaka chuchu yake, na mkia ukaanza kucheza.

Malick alimtazama akinyonya, kicheko kikamwisha. Akaifunga keni taratibu.

"Dada Dikel, kesho nitaanzia ghalani. Sitoki bila pumba zako, hata nikigombana na meneja. Nikija mikono mitupu, niite mtumwa wako mbele ya Waserer wote."