Glavu za Binti wa Msimamizi

Kitu cha kwanza mfagiaji alichokiona asubuhi ile ni glavu mpya mikononi mwa binti wa msimamizi, aliyekuwa ameanza kazi ghalani siku hiyo. Mfagiaji mwenyewe alikuwa amechota chambo cha kuzuia panya wasizae kwa mikono mitupu miaka miwili. Alipoomba glavu, msimamizi alimcheka: "Za nini, dada? Kwani una mkia?"

Mkaguzi alipofika, aliuliza kama chambo kile hakidhuru watu.

"Salama kabisa!" msimamizi akadakia.

"Basi mwanao avue glavu achote," mfagiaji akasema.

Msimamizi akatokwa jasho. Mfagiaji akalionea raha jasho lile.

"Siku uliponicheka nilikuwa na mimba," akamwambia. "Ikatoka. Hata mume wangu hajui."